Mjukuu Wangu Aliyeoa Saa Tisa na Dakika Kumi

Anayetaka ukweli mkavu akamuulize mwingine. Mimi ukweli wangu huwa nautia mchuzi, na huu wa mjukuu wangu Nukta nimeutia kijiko kimoja tu, kwa sababu ulinijia umekwisha kuiva.

Jina la Nukta tulimpa angali mdogo. Ukimwambia akuchagulie maharage, alikuwa anatoa vijiwe ambavyo hata kuku angevipita. Mtu wa namna hiyo akiinama barabarani watu husema amerogwa. Akiinama mezani, na miwani usoni, wanamwita mtaalamu. Basi akapata kazi kwenye jarida la wasomi, kazi ya kupanga kurasa na kuwinda nukta zilizokaa pasipo pake. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Jarida lenyewe ni la sheria, wala si sheria hizi za kuiba kuku. Nukta alinieleza mara nne, mara ya tano nikamweleza mimi. Kuna nchi sita zilizokubaliana kukaa kama nyumba sita katika ua mmoja. Kila nyumba ina baba yake, lakini wote wameweka mzee mmoja wa ua, na huyo mzee ni mahakama. Mzee akisema neno, baba wa nyumba anameza. Sasa swali ni hili: anameza zima, au anatafuna kwanza? Kwa swali hilo watu wazima wameandika makaratasi ya kujaza ghala, na wengine wamenyimana salamu.

Mhariri wa jarida, mzee mmoja mrefu mwenye koti la vifungo visivyofanana, alikuwa wa upande wa kumeza. Alisema hukumu ya mzee wa ua inaingia nyumbani kwako moja kwa moja, mpaka jikoni. Rafiki yake wa tangu ujana alikuwa profesa, na yeye alishikilia kwamba hukumu, hata iwe kubwa namna gani, isimame mlangoni kwanza ipige hodi, bunge la nyumba liitikie karibu. Watu wakamwita Profesa Hodi. Kila Jumatano wawili hao walikunywa chai nyumbani kwa Profesa Hodi wakitukanana kwa heshima mpaka birika likauke.

Siku moja Profesa Hodi akaandika makala ya kummaliza kabisa mwenzake, akaipeleka kwa mwenzake huyohuyo aichape. Ndiyo wasomi hao. Mhariri akaisoma, Nukta akapanga kurasa, kisha Mhariri akaandika maswali matatu pembeni kwa penseli, akampelekea rafiki yake ile nakala ya kusahihisha. "Ukijibu haya," akamwambia, "tunachapa."

Kabla wiki haijaisha, Profesa Hodi akafariki.

Mhariri alibeba jeneza, akalia mbele za watu. Jumatatu akaingia ofisini, akavua kofia, akasema, "Tunangoja majibu yake."

Wakadhani ni uchungu, utapoa. Haukupoa. Toleo lile lilikuwa la mwezi wa Machi, na Mhariri akatoa hoja ambayo hakuna aliyeweza kuivunja: jarida la Machi lazima liandaliwe na watu walio Machi. Ofisi ikijua mambo ya mbele, mambo hayo yatapenya ndani ya kurasa kama panya. Kwa hiyo ofisini ni Machi mpaka majibu yaje. Ukifika mlangoni, mwaka wako unauacha nje pamoja na mwavuli.

Ikawa Machi miaka saba.

Kalenda ya ukutani, yenye picha ya daraja, ilipauka mpaka daraja likawa ukungu na wapita njia wake wakabaki wanatembea hewani. Buibui wa rafu ya juu walizeeka, wakapata wajukuu. Makala mpya zilikuwa zinaendelea kufika, na Nukta alizisahihisha kimyakimya, akazipanga kurasa, akazifungia kabatini, kwa sababu zilikuwa zimeandikwa na watu wa siku zijazo. Mshahara peke yake ndio uliofuata kalenda ya kawaida. Hata wazimu una mipaka.

Subira yavuta heri, najua, lakini hii ilivuta mpaka kamba ikaanza kulia. Miaka minne iliyopita Nukta alioa. Mwaka uliofuata akapata mtoto. Na yule aliyemuoa ni mke mwenzangu wa haki, maana Nukta alikuwa mume wangu kabla hajaota meno, ila mwenzangu huyu hana wivu. Ananipikia na kunisuka. Sasa, wafanyakazi wa pale hupewa nyumba za kazini, na Nukta alikuwa na kitanda katika vyumba vya makapera, mahali ambapo mwanamke haruhusiwi kupita hata kwa kivuli. Mke na mtoto wakawa wanalala kwangu, chumba kimoja, mimi katikati kama ukuta. Nukta anakuja jioni, anakula, anamtazama mkewe, mkewe anamtazama, mimi natazama dari. Saa mbili anaondoka. Jinsi mimba ya pili ilivyopatikana sijui, na sikuomba ushahidi.

Ndipo nyumba ya familia ikawa wazi. Vyumba viwili, jiko, choo cha ndani. Afisa wa nyumba akasema anataka barua ya mkuu wa ofisi inayosema Nukta ana mke na mtoto, na aipate kabla ya Ijumaa. Asipoipata, nyumba inakwenda kwa mwingine, na nyingine haitegemewi karibuni.

Jumatatu ile nikaongozana nao, mimi, mwenzangu na mtoto. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

"Mzee," Nukta akasema, amesimama kama mtu aliyemeza rula, "huyu ni mke wangu."

Mhariri akainua miwani. "Hujaoa."

"Mzee, ulikuja harusini. Ulikula."

"Nilikula nje ya saa za kazi."

"Na huyu ni mwanangu, ana miaka mitatu."

"Bado hajazaliwa," Mhariri akasema kwa upole, na mtoto kwa sababu ya upole huo akampandia mapajani. Mhariri akampakata, akamshika vizuri kabisa, mkono nyuma ya mgongo. Mtoto akastarehe. Kisha yule ambaye bado hajazaliwa akamkojolea.

Mhariri akatazama juu. "Paa linavuja," akasema.

Nikaona hapa hakuna mjinga. Mjinga huwa hajui kama amelowa.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi kusoma sijui, ila kuhesabu Machi najua. Hizi zimekuwa nyingi."

"Mama, mimi si mkaidi. Majibu yake yakifika hata leo, nitageuza kalenda. Lakini siwezi kumchapa mtu ambaye hajasema neno lake la mwisho. Ungekuwa wewe ungependa?"

Kweli nisingependa. Neno la mwisho ndiyo mali niliyobaki nayo.

Jioni Nukta hakula. Mwenzangu akamuuliza, "Kwa hiyo huyu wa tumboni naye atazaliwa Machi ile ile?" Nilimwona Nukta akiokota chembe za mkate mezani moja moja, akizipanga mstari. Nikasema moyoni, bibi kizee, amka ufanye kazi.

Alfajiri ya Jumanne nikaenda kwa mjane wa Profesa Hodi. Nilifikiri hivi: marehemu alipewa karatasi, karatasi haina miguu. Mjane akanikaribisha, nikamwambia shida yangu. Akapekua mafaili, masanduku, chini ya godoro. Hamna kitu.

"Mama, vitabu vyake nilivigawa," akasema. "Labda ilikuwa humo."

Akaniwekea chai. Nilipokuwa nakunywa, nikaona kabati lake la vyombo limesimama wima sawasawa. Sasa, nyumba ile sakafu yake ina mteremko. Kikombe changu chenyewe kilikuwa kinasafiri taratibu kuelekea mlangoni. Kabati haliwezi kunyooka bure. Nikapiga magoti, magoti yakalalamika, nikachungulia. Chini ya mguu wa kushoto kulikuwa na karatasi zimekunjwa mara nne, na kwenye ukingo alama ambayo hata mimi naijua kwa sababu iko kwenye kila kikombe cha ofisi ya Nukta: mizani ya sahani sita.

"Hiyo aliiweka mwenyewe!" mjane akasema. "Siku mbili kabla. Sahani zilikuwa zinalia usiku. Akaniambia, acha ikae hapo mpaka Jumatano, yule mkorofi akija nitampa."

Jumatano haikumkuta.

Tukainua kabati, wazee wawili, kwa tusi moja na bismillahi moja. Nikaondoka na karatasi kifuani, na nyuma yangu sahani zote zikaanza kulia.

Mhariri alipoziona hakuzishika kwanza. Alifuta mikono kwenye koti. Akafungua mkunjo wa kwanza, wa pili. Ofisi nzima ilikuwa imesimama: Nukta, mpiga chapa, mama karani na tarishi. Mhariri akasoma kwa sauti, na sauti yake ilikuwa kama mlango usiofunguliwa muda mrefu.

"Swali la kwanza nilimuuliza: ushahidi wa sentensi hii uko wapi? Kajibu: uko kichwani mwangu, njoo uukague."

Mpiga chapa akaguna.

"La pili: aya hii ni ndefu mno. Kajibu: pumua katikati."

Akafungua mkunjo wa tatu. "La tatu: bado unashikilia kwamba lazima hodi? Kajibu: Nashikilia. Na wewe Jumatano ukija kwangu, piga hodi. Wiki iliyopita umeingia mpaka jikoni, umemtisha mke wangu."

Mhariri akacheka. Alicheka akakaa chini, akaendelea kucheka mpaka miwani ikaanguka, na tulipomwokotea hakuwa anacheka tena.

"Mzee," mama karani akasema taratibu, "kuna jambo. Mahakama ilikwisha kuamua. Miaka mitano iliyopita. Ilisema hukumu inaingia moja kwa moja, haihitaji hodi. Ulishinda wewe."

"Nilishinda?"

"Ulishinda, mzee."

Akatazama zile karatasi zilizobonyea kwa mguu wa kabati. "Na wa kumcheka yuko wapi?" akauliza. Kushinda peke yako, wanangu, ni kula chumvi bila kitoweo.

Basi akasimama, akanyoosha koti, akawa mhariri tena. "Makala imejibiwa. Inachapwa. Zinazofuata ziko wapi?"

Nukta akafungua kabati. Zilimwagika. Miaka saba, matoleo manne kila mwaka, yote yamepangwa, hakuna nukta iliyokaa vibaya. Mhariri akatazama lundo, akamtazama mjukuu wangu, kwa mara ya kwanza kama mtu anayemwona ana umri.

"Tutatoa toleo la pamoja," akasema. "Namba ya kwanza mpaka ya ishirini na nane, jalada moja. Lakini hatuwezi kuruka miezi. Tarishi, lete kalenda zote."

Tarishi alikuwa amezihifadhi. Wakaanza saa tisa kamili, Mhariri anapindua mwezi baada ya mwezi, na kila mtu mwezi wake ukifika anatangaza lililompata. Mama karani akafiwa na baba yake saa tisa na dakika nne. Tukampa pole, akafuta macho. Dakika mbili baadaye akapata wajukuu mapacha, tukampigia vigelegele. Mpiga chapa aling'oa jino, akavunja mguu, akapona. Tarishi aliingiwa na mvi pale pale.

Saa tisa na dakika kumi, mjukuu wangu akaoa.

"Hongera, kijana!" Mhariri akamshika mkono kwa nguvu, machozi yanamlenga. "Na wala hukunialika!"

"Ulikuja, mzee. Ulikula."

"Nilikula vizuri?"

"Mara mbili."

Saa tisa na robo mtoto akazaliwa. Na hapo mama karani, mwanamke mwenye akili kuliko jarida zima, akauzuia mkono wa Mhariri usipindue zaidi. "Mzee, mwaka ujao unatimiza sitini na tano. Unastaafu. Ukipindua tu, huna mamlaka ya kusaini kitu."

"Kweli kabisa," akasema. "Leteni barua sasa hivi, wakati bado nipo."

Akaandika kwamba Nukta ana mke na mtoto, akasaini, akagonga muhuri, akaweka tarehe ya mwezi ule uliokuwa ukutani, kwa sababu uongo haukuwa tabia yake. Kisha akapindua. Saa tisa na dakika ishirini akastaafu, akavaa kofia, akahamia kiti cha wageni. Miaka miwili iliyobaki aliipindua mama karani.

Nukta alipeleka barua Jumatano. Tarehe yake ilikuwa ya miaka mitatu nyuma! Afisa wa nyumba akaisoma, akafungua daftari la wanaongoja, akapiga kidole juu kabisa.

"Ndugu yangu," akasema, "umeomba miaka mitatu hii na hakuna aliyekujibu? Orodha hii tunaifuata kwa tarehe ya barua. Wewe ni wa kwanza. Tusamehe sana."

Wakahamia Ijumaa. Chumba changu kikawa kipana hadi nikapotea nikitafuta kitanda, ndiyo maana Jumatano iliyofuata nilikuwa kwao, nakunywa chai. Mtoto alikuwa ananihesabia milango yao minne, akifika mitatu anaanza upya, maana wa choo alikuwa anausahau.

Tukasikia hatua nje, kisha zikakoma. Mtu alikuwa amesimama mlangoni bila kufanya lolote, kama anayejifunza neno. Nukta akataka kuinuka. Nikamkamata shati.

"Mwache," nikasema. "Atafika."

"Hodi," sauti ikasema, ndogo. Halafu kwa nguvu zaidi, "Hodi hapa!"

Mtoto akakimbia kufungua. "Karibu," akamwambia yule mzee wa vifungo visivyofanana, na kwa kuwa sasa alikuwa amekwisha kuzaliwa, akamwonyesha choo kiko wapi.