Kisigino cha Mama Spesiosa

Siku yangu ya kwanza kazini, Biharamulo, nilivaa koti jeupe lililonyooshwa pasi mpaka likakakamaa. Mganga Mfawidhi, yaani daktari aliyeongoza hospitali, alinitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye wa fiziotherapia?"

"Ndiyo, mzee."

"Kitanda chako kiko stoo, kitoe mwenyewe. Na usinijazie korido watu wa kurukaruka."

Ndivyo nilivyopokelewa. Ninyi vijana mnaonung'unika kwamba idara haina feni, mnanichekesha kweli.

Wakimbizi walipofurika nilihamishiwa Ngara, chini ya Matroni mmoja mkali. Mara mbili kwa wiki alinipakia kwenye Landrova kwenda kliniki ya kambi ya Lukole. Nilijiandaa kwa mifupa iliyovunjika. Ilikuwepo, lakini sikutegemea visigino. Watu wale walikuwa wametembea kutoka Burundi na watoto mgongoni na masufuria kichwani, wengi pekupeku. Walipofika kambini wakakuta foleni ya maji, foleni ya unga, na kuni za kufuata mbali.

Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni, ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Ukichoshwa, huuma pale unaposhikana na mfupa. Utawajua wagonjwa wake asubuhi, kwani hatua za kwanza kutoka kitandani huwa ni kama kukanyaga misumari. Niliwafundisha kunyoosha shavu la mguu kwa kuegemea ukuta na kuviringisha chupa chini ya unyayo, na niliwakatia soli za mpira. Wengi walipata nafuu. Mama Spesiosa hakupata.

Alikuwa mjane, rika la mama yangu mzazi. Alikuwa akitoka kambini kwenda kijiji cha Bukiriro kulima kwa familia moja ya Wahangaza, wenyeji wa Ngara, akirudi na maharage na ndizi. Kibandani alimwacha mama yake kipofu, ambaye hakuwa na mtu mwingine pale kambini. Sasa ilikuwa zaidi ya mwaka kisigino kinamuuma, na Bukiriro haendi tena. "Muganga," aliniambia, "mguu huu ndio jembe letu."

Basi hospitalini akaja daktari mgeni na mashine ambayo sikuwahi kuiona hata kwenye picha: mashine ya mawimbi ya mshtuko. Wagonjwa walidhani ni umeme wa kuwapiga. Wala si umeme. Hewa ya kompresa husukuma kijichuma ndani ya kishikio, nacho hugonga harakaharaka kama kigogota, na mapigo hupenya kwenye jeli iliyopakwa unyayoni, kisha ngozi, mpaka kwenye utando. Utando uliozoea kuumwa huchokozwa ili uanze kujiponya. Hugongwa mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa.

"Hatutumii ganzi," Daktari Mgeni alinieleza. "Mgonjwa ndiye anakuonyesha. Panapouma ndipo unapogonga, na nguvu unapandisha polepole mpaka aseme basi. Nina wiki tano tu, kisha naondoka na mashine yangu."

Nikamwandikisha Mama Spesiosa wa kwanza.

"Hapa panauma, mama?"

"Hapana, muganga."

"Na hapa?"

"Ni pazuri tu."

Nikapandisha nguvu. Uso wake haukutikisika. Nikapandisha tena. Wiki ya pili vivyo hivyo, nami nikamsifu mbele ya watu: "Mnaona mwanamke jasiri?" Jamani, nilijiona fundi!

Wiki ya tatu hakuja. Nilimfuata kibandani, nikamkuta kakaa chini, kisigino kimevimba na kubadilika rangi. Hakuweza hata kufika bombani. Mama yake kipofu ndiye aliyesema, "Huyu amezaa watoto sita kimya. Kwetu mwanamke akipiga kelele mbele ya mganga, ameiaibisha nyumba."

"Kwa nini hukuniambia, mama?" nilimuuliza Spesiosa.

Akatazama chini. "Niliogopa. Nikisema naumia, utanifuta kwenye orodha."

Niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka. Nilirudi kwa Matroni kumweleza, naye hakunionea huruma. "Umegonga mguu wa mtu kama unapigilia bati, halafu ukampongeza kwa kunyamaza! Mdomo uliuuliza. Vidole vyake je, uliviangalia?"

Tulimpumzisha wiki ile. Zikabaki mbili. Wiki ya nne nilimfuata na gari, na alipoingia chumbani nilivua kiatu na soksi, nikapanda mimi kitandani. Nikamwomba Daktari Mgeni anigonge kisigino kwa nguvu ileile niliyomgongea mama wa watu. Sikumaliza hesabu ya kumi.

"Yezu na Mariya! Toa! Toa hicho kitu!"

Foleni ya nje ililipuka kwa kicheko. Mama Spesiosa akajiziba mdomo kwa kitenge, akashindwa, akacheka mpaka machozi. "Muganga! Mwanaume mzima!"

"Inauma, mama," nikamwambia huku nashuka. "Na jina lako hakuna wa kulifuta."

Akalala. Nikaanza na nguvu ya chini kabisa, macho kwenye vidole vyake. Nilipofika ukingo wa ndani wa kisigino, vikajikunja.

"Hapo," alisema kwa sauti ndogo. Kisha kwa kubwa: "Hapo hapo! Yoo!"

Padogo kama punje ya hindi, na wiki mbili zote sikuwa nimepagusa.

Hakuinuka akakimbia, msije mkadanganyana. Mashine iliondoka, yeye akabaki na mazoezi ya ukutani. Wapo waliogongwa kama yeye na hawakupata nafuu. Lakini baada ya miezi kadhaa nilipita kibandani nikamkuta bibi kipofu peke yake juani, anachambua maharage kwa vidole.

"Spesiosa yuko wapi?"

"Kaenda Bukiriro," akajibu, akitabasamu upande usio wangu. Nilikwenda nyuma ya gari nikalia kidogo.

Sasa nimestaafu, nalima Nyantakara, na kisigino changu chenyewe kimeniasi. Juzi nilikwenda hospitali ya mjini. Binti wa fiziotherapia akaniamkia shikamoo, akawasha mashine ya aina ileile, siku hizi ndogo kama redio.

"Hapa panauma, mzee?"

"Hapana, mwanangu. Endelea tu."

Nilisema hivyo mimi, wa kazi hii miaka yote! Sikutaka binti wa watu anione mzee msumbufu. Akapandisha nguvu kidogo, kisha akazima.

"Mzee," akasema taratibu, "mbona vidole vyako vimejikunja?"

Nikavitazama. Nikamkumbuka Mama Spesiosa, na zile wiki mbili za ukimya wake.

"Inauma, mwanangu," nikamwambia. "Inauma sana. Hapo hapo."