Namba Iliyokaa mu Pile

Nyuma ya ile kitu, kamashini kadogo ka kuchezea mu mikono, kulikuwa karatasi ya kung'aa iliyosema kwamba ndani muko michezo elfu tisa na kitu. Uongo mutupu. Nilikuwa mutoto mwenye mudomo, na sikupenda kudanganywa. Siku papa alipoileta kutoka soko ya Goma nilikaa nayo mulangoni, nikafungua muchezo mumoja mumoja. Kulikuwa matofali yanayoanguka. Kulikuwa gari ya kukwepa gari zingine, nyoka ya kulisha, chura ya kuvusha barabara, mupira wa kubomoa ukuta. Kisha matofali yakarudi, sasa yanaanguka mbio. Kisha yakarudi tena, kichwa chini. Vile njo walivyofikisha elfu tisa yao! Nilimwambia papa airudishe kwa mwenye kuiuza. Papa alicheka, akaniuliza kama bugali nayo, kwa kuwa inajirudia kila siku, tuirudishe kwa nani.

Miaka mingi kisha, fundi wa simu pale Masisi, mu nafasi ya kungojea mvua ikatike, alinieleza ukoo wa ile kitu. Alisema kulikuwa kwanza ya Wajapani, kubwa, ya rangi ya majivu, ambayo unaisukumia kaseti ndogo, na kila kaseti iko na muchezo wake. Ule wa matofali ulitungwa na Murusi mumoja mu ofisi ya serikali yao, alikuwa anajifurahisha tu saa za kazi. Ukaingia mu ile ya Wajapani, dunia nzima ikaupenda. Halafu viwanda vya China vikachukua matofali peke yake, vikayatia mu plastiki ya bei ya chini, kioo kisicho na rangi, vikatutumia sisi. Ya kwetu, fundi alisema, ilikuwa mujukuu aliyekosa urizi. Kaseti zingine za Wajapani zilikuwa na pile ndogo ndani, betri ya kuchunga namba za wachezaji. Ya kwetu ilikumbuka namba tu wakati pile zake mbili ziko mahali pake. Ukizitoa, rekodi inakuwa zero.

Hiyo sikuhitaji fundi anifundishe. Nilikuwa nimeishaijua kwa machozi.

Sisi tuko batu ba Kibabi, walimaji wa maharagi na muhogo, na kule juu mu milima maharagi inachelewa kuiva sana. Mama alikuwa anateleka chungu, anakaa pa kiti chake kidogo, na hapo hana kazi ingine isipokuwa kuchunga moto. Siku moja alininyanganya ile kitu. "Leta nione hiyo bupumbavu." Hakuirudisha mupaka chungu kikaiva, na kesho yake ikawa vilevile. Mama alikuwa amechagua maharagi pa lungo, ungo wake, maisha yake yote, nyekundu huku, njano kule, mbovu inje, huku anaongea masolo na jirani bila kuangalia mikono. Vidole vyake vilikuwa vimeishajifunza. Tofali ilikuwa haijashuka nusu, ameishaigeuza. Sisi batoto alituacha mbali kabisa, na mimi nilinuna kama muntu aliyenyanganywa shamba.

Papa hakucheza hata mara moja. Alisema ni kitu ya batoto. Akipita alikuwa anamuchokoza tu: "Mama, leo umejenga nyumba ngapi?"

"Zote zimeisha," mama anajibu bila kuinua macho. "Inabakia tu ile ya kwako."

Kweli nyumba yetu ilikuwa bado haijapata bati upande wa jikoni. Papa anacheka, anaenda zake.

Siku pile zilikufa mara ya kwanza na rekodi yake ikapotea, nililia miye, si yeye. Mama alinishangaa. "Sha, unalilia nini? Matofali iko mingi. Tunaanza tena." Akaanza tena.

Siku ya namba kubwa ilikuya miaka mingi kisha, mimi nimeishakomaa; papa alikuwa kiwanjani anatia jembe mupini. Mama alianza kuita kutoka jikoni: "Papa! Kuya uone! Kuya mbio!"

"Nakuya."

"Itaisha, kuya basi!"

"Nimesema nakuya, ee!"

Hakuenda. Mupini ulikuwa unacheza, alitaka kwanza ukaze. Aliingia wakati harufu ilimufikia, kwa sababu mama, mikono miwili mu matofali, alikuwa amesahau chungu, na maharagi iliungua mupaka chini. Muchezo ulikuwa umeishakwisha. Namba ilikuwa imeishakaa pembeni ya kioo, pale inapokaa rekodi, ndefu kushinda yoyote tuliyowahi kuona. Mama alimunyooshea ile kitu huku anacheka, jasho mu uso. Papa aliangalia chungu.

"Basi leo tunakula makaa," alisema.

Tulikula, naye akanung'unika mupaka kijiko cha mwisho. Mama aliiweka ile kitu juu ya mulango. Kisha kukaingia wakati wa kupanda, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kucheza, na kabla ya kupalilia mama akashikwa na homa. Wanaume walimushusha mu tipoyi, machela ya miti, kupeleka hospitali. Alirudi mu tipoyi ileile, amefunikwa.

Kilio kilipoisha, papa njo alianza. Anatoka shamba, ananawa mikono, anashusha ile kitu, anaiwasha. Anaangalia namba. Anazima. Basi. Wakati ule mimi nilikuwa nimeishaanza biashara, napandisha chumvi na sabuni Pinga kwa pikipiki, na kila nikirudi nyumbani namukuta mu ile kazi yake. Nilikuwa naona kioo kinafifia. Ilinikata roho, kwa sababu nilijua: kila akiiwasha kuitazama, anakula zile pile, na pile zikiisha, namba inaenda nazo.

Nilimwambia. "Papa, tuandike hiyo namba pa karatasi, utakuwa nayo siku zote."

Aliniangalia kama niliyesema matusi. "Nikiandika, itakuwa maandiko yangu. Hii aliandika yeye."

Nikaenda kwa yule fundi wa Masisi. Akasema si kitu: unafunga kwanza pile zingine kwa nyuzi, pembeni, ile kitu inanyonya kwazo, njo unatoa za zamani. Haitajua hata kama umezibadilisha. Nilimukuta papa, nikamuomba asiiwashe tena mupaka nirudi kutoka Pinga, halafu tutaipeleka pamoja. Alikubali. Aliifunga mu kikwembe, kitenge ya mama, akaiweka mu sanduku. Najua ilimugharimu nini kupitisha siku bila kuiona. Pinga nilikwama, mvua kwanza, kisha masasi ya bunduki mu njia, nikachelewa kushinda vile nilivyoahidi.

Nilipofika Kibabi jua lilikuwa kali, na kiwanjani shangazi yangu, dada ya papa, aliyetoka Kingi kuja kutusaidia mavuno, alikuwa amekaa kando ya lungo. Muntu muzuri yule, hatupi kitu inje. Pa lungo kulikuwa maharagi inakauka. Katikati ya maharagi kulikuwa pile, zimepangwa vizuri: za radio, na zingine mbili ndogo.

Kwetu kila muntu anajua: pile ikichoka, unaiuma kidogo na meno, unaianika juani na mavuno, saa tisa radio inasema tena. Nimekula na kulala mu desturi ile.

"Shangazi. Hizi ndogo umetoa wapi?"

"Mu ile kitu ya kaka yangu! Niliikuta mu sanduku, nikaijaribu, nikaona kioo kimefifia, maskini. Leo ataona muzuri."

Hasira yangu iko karibu, wote kwetu wanaijua. Nilimutapikia maneno ambayo hata leo yakinirudia njiani nafunga macho. Shangazi alibaki na maharagi mu mukono. Papa alitokea, jembe pa bega, akasikia, akaelewa kabla nimalize.

"Nyamaza," alisema. "Hakujua."

Alizitia pile yeye mwenyewe. Ile kitu ikaimba kawimbo kake, ikawaka, kioo cheusi tii, wazi kama siku ilipotoka Goma. Pembeni kulikuwa zero. Shangazi alipiga mikono kwa furaha, kisha akaona nyuso zetu, akaishusha pole pole.

Papa alivuta kiti cha mama. Akakaa. Mara ya kwanza mu maisha yake akaniuliza: "Ya kugeuza iko wapi?"

Nilimuonyesha. Alicheza vibaya, ole wangu, alicheza vibaya mupaka nikatamani kumushika mikono. Matofali yaliacha mashimo, yakapandana, yakafika juu, ile kitu ikalia kwamba imeisha. Na pembeni, pale namba ya mama ilipokuwa imekaa, pakatokea namba ingine, fupi.

"Hii iko nini?"

"Rekodi, Papa. Ni ya kwako."

"Lakini nimeshindwa."

"Hakuna ingine ya kuishinda."

Alipangusa kioo na kidole. "Aliniita," alisema. "Nikamwambia nakuya." Kisha akaigeuza, akafungua kifuniko na ukucha, akatoa pile zote mbili, akamupa shangazi. "Tia mu radio, dada. Afazali isikuwe na kitu, kuliko ikuwe na ya kwangu."

Harufu ya chungu cha maharagi ikatujia kutoka jikoni. Shangazi akaruka, akashika mwiko, lakini papa alimukamata pa kikwembe.

"Acha," alisema. "Acha iungue."

Tulikula maharagi ya kuungua siku ile. Papa alimaliza sahani yake bila kunung'unika, akaomba ingine.