Mchi wa Halima

Enzi zetu, sisi tuliokulia Lindi bara wakati wa Mdachi, unga haukutoka mashineni, ulitoka mikononi. Wajukuu zangu siku hizi wanapeleka debe la mahindi mashineni, wanapiga soga kivulini, wakirudi wanasema wamechoka. Wamechoka nini, jamani? Sisi tulitwanga mtama jua likiwa bado changa, wasichana wawili kwenye kinu kimoja. Mchi wako ukishuka, wa mwenzako unapanda. Ukipotea, michi inagongana na mama anakuuliza kama umelala.

Mwenzangu alikuwa Halima. Baba yake alikuwa Mwislamu wa Kilwa aliyehamia kwetu kulima, na baba yangu alikuwa mwalimu wa dini pale misheni. Kati ya nyumba zetu palikuwa na shamba la mihogo tu. Tulicheza mdako kwa kokoto mpaka kucha zikajaa vumbi, tukachimba ming'oko, vile viazi vya porini, tukaichemsha na kuila bila hata chumvi. Wazee wetu walipochapwa fimbo kwenye pamba ya akida, tulilia pamoja nyuma ya kinu. Mimi nilikuwa mwoga. Halima, mdomo wake haukuwa na likizo. "Agnesi," alikuwa akiniambia, "wewe utakufa siku moja kwa kuogopa kufa."

Vita vya Maji Maji vikaja. Baba yake Halima akanywa yale maji ya dawa, na nyumba yao nzima ikavaa alama: kipande cha bua la mtama, kimefungwa kwa uzi shingoni. Asiyekuwa nacho alihesabiwa mtu wa Mdachi. Sisi wa misheni tulivaa medali za Bikira Maria.

Asubuhi moja nilikuwa kinuni peke yangu, namngoja. Akaja mbio, hana mchi. Wapiganaji walikuwa njiani kuja kuichoma misheni, akasema, tuondoke. Hapo hapo akavua bua lake akanivika. Baba akatoka ndani, akaliona, akaniamuru nilivue. Alisema atakayetupitisha ni Mungu, si bua la mtama. Nikalishika. Kulivua ni kufa, na kubaki nalo, kwa akili yangu ya kitoto, ni kumkana Mungu mbele ya baba yangu.

Halima akapiga goti kama tulivyofundishwa.

"Shikamoo, mwalimu. Na kama huyo Mungu ndiye aliyenituma?"

Baba alimtazama, akanitazama mimi. Kisha akaivua medali yangu, akamfunga Halima shingoni kwa mikono yake mwenyewe. "Nenda, mwanangu," akasema. "Askari wa Mdachi nao watakuja."

Halima akarudi mbio kwao. Mimi na baba na mama hatukufika mbali kabla ya kukutana na wapiganaji. Waliliona bua shingoni mwangu, wakatuhesabu sote wenzao, wakatuachia njia. Tukaenda mpaka Lindi mjini.

Tuliporudi, askari walikwisha kupita na njaa imekwisha kupita nyuma yao. Nyumba ya kina Halima ilikuwa majivu. Kinu chetu kilikuwapo. Hakuna jirani aliyejua habari zao. Baba akasema, "Mungu si Athumani. Subiri." Nikasubiri. Kila mgeni akitokea njiani nilisimamisha mchi nimtazame. Mama aliniletea msichana mwingine wa kutwanga naye, nikakataa. Kusema kweli, nilimnunia Mungu. Nilikwenda kanisani, nikapiga magoti, nisimwambie kitu.

Nikaolewa, nikazaa watatu. Siku moja sokoni Lindi nikasikia mwanamke akiita, "Agnesi!" Nikaitika abee. Binti mmoja aliyejitanda ushungi naye akaitika abee. Nikamwuliza yule mama, mtoto wa Kiislamu kalipata wapi jina hilo? Akasema ni la shoga wa wifi yake Halima, marehemu mama wa binti huyo. Wakati wa vita askari walimkamata, wakaona medali shingoni, wakamwachia. Akaolewa kijiji cha Sudi, huko pwani. Alipojifungua, shehe alilikataa jina, naye akakataa jingine lolote. Alikuwa amefariki masika yaliyotangulia tu. Sudi! Miaka yote hiyo, mahali ambapo ningefika kwa miguu yangu.

Nilimkumbatia yule binti pale sokoni nikalia, watu wakatuzunguka wakidhani tumefiwa. Na kweli tulikuwa tumefiwa.

Vijana wa siku hizi wana marafiki tele, wa kuanza nao Jumatatu na kugombana nao Alhamisi. Mimi nilikuwa na mmoja. Bado natwanga mwenyewe, mashine ipo hapo jirani, na wajukuu wananicheka eti bibi anapiga pigo moja halafu anangoja. Ndiyo, nangoja. Ni zamu ya Halima.

Mungu alipanga tuishi sote wawili, hakupanga tuonane tena. Kwa la kwanza namshukuru kila siku. La pili bado tunalizungumza, mimi na yeye.