Taji la Mhispano

Librada Arellano hakuwa mtu wa kusamehe, wala hakujisingizia. Padri alipomuuliza kwenye kitubio kama bado ana kinyongo na Bibi Tranquilina Baca, alimjibu, "Ninacho, Baba, na ninakilisha vizuri."

Kinyongo hicho kilizaliwa siku ya fiesta, Librada akiwa msichana. Vijana wa kijiji cha Vallecito walimchagua awe malkia wa sikukuu, mama yake akamshonea gauni, na taji la bati lililong'arishwa likakaa kichwani mwake mbele ya kanisa. Ndipo Bibi Tranquilina, mwenyekiti wa kamati, alipopanda jukwaani na shela yake ya lasi nyeusi kama mwanamke wa Sevilla huko Uhispania, mji ambao hakuwahi kuuona hata kwa ndoto. Akalishika taji, akalivua.

"Malkia wetu ni lazima awe Mhispano," alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba ya chini. "Damu ya Uhispania, tangu enzi za wafalme. Baba wa huyu alivuka mto kutoka Meksiko na blanketi begani. Huyu ni Mmeksiko."

Onofre, baba yake Librada, alikuwa amesimama katikati ya watu, kofia mkononi. Alimshika bintiye mkono, wakarudi nyumbani kichwa wazi wote wawili.

Neno lile, Mhispano, lina visa vyake katika bonde hili la kaskazini ya New Mexico. Mababu walijiita Wameksiko bila haya, na hata lugha yao waliiita Kimeksiko. Kisha wakaja Wamarekani wa lugha ya Kiingereza na reli yao, wakaligeuza jina hilo kuwa tusi la kumtupia mtu dukani na shuleni. Waliotukanwa wangeweza kukaza roho. Wengi wakaona heri kuhama jina: sisi si hao, sisi ni Wahispano, babu zetu walikuja na wafalme. Wapo ambao kwao ni kweli, na hakuna ubaya mtu kupenda asili yake. Ubaya ulianza neno lilipopata meno, nalo likawauma zaidi majirani kuliko wale waliotutukana. Mzee wa Chihuahua, kule Meksiko, aliyepanda pilipili hapa miaka yote, akazika wazazi wa watu na kuzibua mfereji kila majira ya kuchipua, akabaki mgeni mpaka kufa.

Onofre alikufa hivyo hivyo. Lakini siku zake za mwisho alimwita Librada kitandani.

"Mwanangu, baba yake Tranquilina hakuwa Baca," alisema. "Aliitwa Nicanor Arriaga, wa Zacatecas. Tulikimbia vita vya Meksiko pamoja. Mimi nilishikwa na homa jangwani, akanibeba mgongoni. Alipovuka mto akaoa mjane wa Baca mbali na hapa, akachukua jina la marehemu kabla ya kuja bondeni, akaniapisha nisiseme."

"Na Tranquilina anajua?"

"Anajua. Alipokuwa mdogo nilimpakata nikimwimbia nyimbo za Zacatecas, kwao."

"Kumbe siku ile jukwaani alijua! Na wewe ukanyamaza!"

"Nilikuwa nimeapa," alisema mzee, akalia. Librada hakumlaumu tena. Lawama yote aliihamishia kwa mwenye shela.

Alingoja. La kuvunda halina ubani, na yeye hakuwa na haraka ya kufunua chungu. Miaka hiyo alikuwa amejifunza kuimba makabidhiano ya harusi, na waimbaji wa zamani walipokwisha kufa, akabaki yeye peke yake bondeni. Bila makabidhiano, kwa wazee wetu, harusi ni ya nusu. Maharusi hupiga goti juu ya kitambaa cheupe, mwimbaji huwaita wazazi mmoja mmoja kwa majina ndani ya beti, na anayetajwa huinuka akawabariki. Asiyetajwa hainuki. Na ubeti ukishaanza haukatizwi, maana kuukatiza ni kuikata ndoa.

Kwa hiyo Rosana, mjukuu wa Bibi Tranquilina, alipochumbiwa, bibi yake hakuwa na pa kwenda ila mlangoni kwa Librada. Msichana alikuwa yatima, bibi ndiye mama na baba.

"Sikuja kukubembeleza," alisema Bibi Tranquilina, hata kukaa hakukaa. "Mjukuu wangu anataka makabidhiano."

"Kawalete wanamuziki wa mjini Albuquerque, Bibi. Wana vipaza sauti."

"Hao hawajui beti. Wewe unajua, ingawa sijui umejifunzia wapi. Ila uimbe Kihispania safi, si kile cha baba yako. Na ukinitaja, utaje damu yangu: Mhispano, tangu wafalme."

Librada alikuwa akisuka mafungu ya pilipili nyekundu. Aliendelea kusuka.

"Damu yako nitaitaja, Bibi," alisema. "Usiwe na wasiwasi kabisa."

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Mzee Eulogio alipiga gita, maharusi wakapiga goti, na Librada akaanza kwa upole, akiwaita wazazi wa bwana harusi. Wakainuka, wakabariki, wakafuta machozi. Bibi Tranquilina alijiweka sawa kitini, akapanga shela. Librada akamtazama usoni, akaimba:

*Nikanori Arriaga,*
*mtoka Zacatecasi,*
*mwanao asiye woga*
*ainuke kwa upesi.*

Gita likayumba. Watu wakageukiana: "Arriaga ndiye nani?" Bibi Tranquilina alikauka. Rosana aliinua macho kutoka kwenye kitambaa, akisubiri mkono wa bibi yake, na mkono haukuja. Librada alimwonea huruma yule msichana, kweli alimwonea, lakini hakuacha.

*Amepiga goti mwali,*
*anangoja yake dua,*
*damu moja si ya mbali,*
*mwenyewe naye ajua.*

"Bibi?" aliita Rosana. "Bibi, ni nani huyo?"

Bibi Tranquilina angeweza kubaki kitini na jina lake la Baca, na mjukuu wake aondoke bila baraka mbele ya bonde zima. Aliinuka. Alitembea mpaka kwenye kitambaa, akachora msalaba juu ya paji la uso la Rosana, akasema, "Ni baba yangu, mwanangu. Nicanor Arriaga alikuwa baba yangu."

Ukumbi ulivuma. Mwosha huoshwa, alinong'ona mtu nyuma, na Librada akamaliza beti zake zote bila kuruka hata moja.

Baadaye, watu wakila, Bibi Tranquilina alimfuata kwenye meza ya biskuti.

"Onofre aliapa," alisema kwa sauti ya chini.

"Aliapa yeye. Mimi nilivuliwa taji."

"Haya, umeridhika?"

Librada aliipekua furaha yake. Ilikuwepo, tena tamu, lakini ilikuwa na shimo katikati.

"Bado. Aliyestahili kusikia yuko makaburini. Kesho baada ya misa uje umwambie mwenyewe."

"Na nisipokuja?"

"Fiesta inakaribia, Bibi, na sauti ninayo: nitaimba jukwaani kwamba ulinivua taji ukijua."

Kesho yake alikuja, peke yake, polepole, akishika ua wa makaburi. Alisimama mbele ya kaburi la Onofre, Librada akiwa kando, akafungua mdomo kusema. Librada akainua mkono kumzuia, akanyoosha kidole kwenye ile lasi nyeusi kichwani.

"Vua kwanza," alisema.