Fundi Waya na Gari Lililonyamaza

Mjini kwao, gari likizima na mafundi wakabaki wanakuna vichwa, watu walisema, "Lipelekeni kwa Fundi Waya." Jina hilo lilimkaa kwa sababu ya kazi yake ya umeme wa magari, na kwa sababu alikuwa mwembamba kiasi kwamba wenzake walidai anaweza kupita kwenye tundu la fyuzi.

Kwa miaka thelathini na tano alikuwa na karakana ndogo nyuma ya kituo cha mafuta. Mkewe, mshonaji wa nguo, alimpelekea chakula kila mchana, akakaa kwenye benchi la wateja hadi mumewe amalize kula. Hapo alijifunza mengi ya magari bila kukusudia. Somo moja alilisikia hadi akalikariri. "Gari lililogongwa halafu likanyamaza, msikimbilie boneti," mumewe aliwaambia wanafunzi. "Zungusheni ufunguo kidogo, mfunge midomo, mtege sikio nyuma. Kama pampu ya mafuta hailii, fungueni buti."

Alistaafu macho yakiwa mazima na mikono haitetemeki. Kilichoanza kumtoka ni kumbukumbu. Kwanza majina ya watu, kisha siku za wiki. Siku moja mkewe alikuta plagi za gari kwenye kabati la vyombo, zimepangwa vizuri kando ya vijiko.

"Leo tutakoroga chai na plagi, mzee wangu?" akamtania.

Wakacheka wote wawili. Miezi michache baadaye alizikuta tena mahali pale pale, na safari hiyo alizirudisha kimyakimya.

Asubuhi moja Fundi Waya alitoka kununua sabuni kwa gari lake kuukuu, lililolingana umri na binti yao wa kwanza. Alipofika kwenye kona ya posta hakukata kona. Alikwenda moja kwa moja, akapanda ukingo wa barabara, akagonga nguzo ya taa. Hakuwa na mwendo mkali. Bampa lilibonyea, taa moja ikapasuka, basi. Ila pale penye nguzo alikuwa amesimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na aliponea chupuchupu kwa kuruka pembeni.

Gari halikuwaka tena. Wapita njia walilisukuma hadi nyumbani, na muuza magazeti aliyeshuhudia yote ndiye aliyemsimulia mkewe. Mkewe alipomuuliza, Fundi Waya alimtazama kwa mshangao.

"Nguzo gani?"

Kesho yake alivaa ovaroli lake la zamani akafungua boneti. Akasafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto. Akakagua fyuzi moja moja. Akachomoa plagi, akaona cheche zipo. Akapiga stata, injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akakaa kidogo akiwaza, kisha akaanza tena kwenye betri, kama mtu aliyeingia kazini dakika hiyo. Mkewe alikuwa dirishani na cherehani yake. Kila stata ilipolia, mguu wake ulisita kwenye kanyagio.

Siku ya tatu alikuja Mrefu. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa Fundi Waya, sasa ana karakana yake na mvi zake. Alimwamkia mzee, akaingia garini, akazungusha ufunguo kidogo na kuinamisha kichwa. Kisha akaenda nyuma, akafungua buti na kufunua zulia la ubavuni. Mke wa mzee, ambaye wanafunzi wote walimwita mama, alikuwa amemfuata.

"Ni hii, mama," Mrefu alinong'ona, akimwonyesha kiswichi kidogo chenye kitufe kilichoruka juu. "Gari likigongwa inajikata, mafuta yasifike mbele. Ukibonyeza tu linawaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha."

Kidole chake kilikuwa kimeshafika. Mama akamshika mkono.

"Acha, mwanangu."

Mrefu akamtazama asielewe.

"Likiwaka ataliendesha," mama alisema. "Nikimnyima ufunguo anaigeuza nyumba juu chini, anasema namfunga kama mwizi. Juzi kidogo aue mtoto. Acha hivyo hivyo."

Mbele, mzee aliita, "Umeona nini huko?"

 Mrefu akafunga buti taratibu, akarudi mbele. "Bado sijaona, fundi. Limenishinda."

Fundi Waya akatikisa kichwa, akacheka kwa huruma. "Miaka yote ile nilikufundisha bure. Haya, nenda. Nitalipata mwenyewe."

Mrefu alipofika getini alisimama akajifuta uso kwa kitambaa cha grisi.

Miezi miwili ilipita hivyo. Kila asubuhi ovaroli, boneti, betri, fyuzi, plagi. Mjini wakasikia kwamba Mrefu ameshindwa na gari kuukuu, wateja wakamtia utani, naye akavumilia bila kujitetea. Mama hakumwambia mtu. Alijiambia anafanya jambo jema, lakini kila mumewe alipoingia ndani mikono ikinuka petroli na kusema, "Leo nimekaribia," aliondoka upesi kwenda kumchotea maji ya kunawa.

Kisha ikaja asubuhi moja ambayo kichwa cha mzee kilitulia. Mama alikuwa anapinda sketi alipogundua kwamba boneti haijafunguliwa. Palikuwa kimya kwa muda. Akasikia buti likifunguka, na baada ya muda injini ikawaka, ikanguruma sawasawa.

Alitoka mbio, pekupeku. Mumewe alikuwa kwenye usukani, mikono yote miwili imeushika, gari limesimama pale pale.

"Ni swichi ya buti," alisema.

"Ndiyo."

"Mrefu hawezi kukosa swichi hiyo. Hata akiwa usingizini." Alimgeukia. "Wewe ndiye uliyemkataza."

Mama akashika mlango wa gari.

"Nilifanya nini, mama watoto? Niambie tu."

Mama akaingia kiti cha pembeni, akamwambia yote: kona ya posta, nguzo, mwanamke, mtoto mgongoni. Fundi Waya alisikiliza hadi mwisho. Kisha akazima injini.

"Alikuwa mkubwa kiasi gani, huyo mtoto?"

"Sijui. Wa kubebwa."

Fundi Waya akachomoa ufunguo. "Kesho nitakuwa nimesahau. Nikiiona tena nitaibonyeza. Niletee koleo."

Akamletea. Alifanya kazi akiwa amepiga magoti nyuma ya gari, mikono yake haikubabaika hata kidogo. Akakata nyaya mbili, akazifunga ncha kwa utepe kama alivyowafundisha wote, akang'oa swichi na kumwekea mkewe kiganjani. "Ifiche mahali ambapo sitafikiria," alisema. Akalia hapo hapo, ameegemea bampa, na mkewe akakaa chini kando yake.

Kesho yake aliamka, akavaa ovaroli, akafungua boneti. Safari hii mama aliiacha cherehani. Alikwenda akasimama upande wa pili wa injini, na mumewe alipomwambia shika hiki, alishika.

Waliendelea hivyo hadi magoti ya mzee yalipokataa kuinama. Mama akakubali Mrefu alichukue gari, ila akamwomba aje mchana, fundi akiwa amelala. Walilisukuma watu wanne bila kelele.

Alipoamka alitoka hadi mlangoni. Akaitazama kwa muda mrefu ile ardhi tupu lilipokuwa gari. Mama alikuwa amejiandaa tangu asubuhi, maneno yote ya kumweleza ameyapanga. Mumewe hakuuliza gari liko wapi. Aligeuka, akashika fremu ya mlango, akarudi ndani polepole.