Mwalimu Wanda na Boksi la Verlin

Kwenye ukumbi wa maonyesho ya bunduki za zamani mjini Muskogee, ukitaka kujua kama boksi lako ni la kweli, humuulizi Wanda Kuykendall. Unamwekea mezani, halafu unajifanya unatazama pengine. Atalichukua, atalinusa, atalikwaruza pembeni kwa ukucha, kisha atajifunika kitambaa cheusi, yeye na boksi na tochi yake ya mwanga wa zambarau. Akitoka humo atalirudisha mezani. Lebo ikitazama juu, nenda nyumbani ukalale vizuri. Lebo ikitazama chini, umeliwa.

Haongezi neno. Hapa kwetu mtu haisemi vibaya bidhaa ya mwenzake ndani ya ukumbi, hata kama uongo wake unanuka kutoka mlangoni. Unaweza kumsema mtu kwa kanisa lake, kwa timu yake na kwa mke wake wa pili, lakini si kwa kilichopo mezani pake. Kwa hiyo Wanda hugeuza boksi tu, na nimewaona wanaume wenye ndevu hadi kifuani wakiondoka pale macho mekundu.

Mimi nauza nyama kavu ya ng'ombe kwenye meza inayopakana na yake, na bunduki hazinihusu. Mwanzoni niliwaona watu hawa kama wamerukwa na akili. Bastola ya zamani ni chuma, sawa, ina thamani yake. Lakini boksi la karatasi ngumu lililoibeba kutoka kiwandani, lile ambalo kila mtu alilitupa siku ileile aliyonunua, ndilo wanalohangaika nalo kaunti kwa kaunti, na likipatikana zima na lebo yake huweza kuuzwa ghali kuliko chuma chenyewe. Mambo yakiwa hivyo, waghushi hawawezi kukosekana.

Wanda alikuwa mwalimu wa piano. Nusu ya mji ilipitia mikononi mwake, na nusu hiyo bado inamwogopa. Mambo ya maboksi aliyaingia kwa hasira. Wakiwa fungate, marehemu mumewe, Merle, alichukua pesa ya hoteli akanunua boksi la bunduki ambalo lebo yake ilibanduka kwa jasho la mkono kabla hawajafika maegeshoni. Wakalala ndani ya gari. Wanda anasema alimsamehe Merle asubuhi yake, ila aliyeitengeneza lebo ile hajamsamehe mpaka leo.

Sasa nije kwa Verlin Stroud. Verlin ni dereva mstaafu wa basi la shule, mrefu, mpole, mtu anayeanza kuicheka hadithi yake kabla hajaimaliza. Alirithi bastola ambayo baba yake aliinunua kabla ya vita kuu ya pili. Boksi lake lilipotea familia ilipohama shamba, na kwenye lebo ya boksi hilo iliandikwa namba ileile iliyochongwa kwenye bastola. Verlin aliamini liko mahali fulani, linamsubiri. Ili dunia nzima imsaidie kulitafuta, aliichapisha namba hiyo kwenye shati, kifuani, tarakimu nyekundu kubwa, na chini yake maneno: UMELIONA BOKSI LANGU? Alikuwa na mashati ya namna hiyo ya kutosha wiki nzima. Mkewe alikataa kabisa kukaa naye kanisani.

Jumamosi moja ya Aprili alitujia akikaribia kukimbia, amelikumbatia boksi kwa mikono miwili. Alikuwa amelinunua muda huohuo kwa mgeni mmoja wa safu ya nyuma, mtu ambaye hatujawahi kumwona. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kesho yake, Jumapili, kulikuwa na onyesho ambapo kila mwanachama wa klabu ya wakusanyaji hupanga vitu vyake na watu humpigia kura, na dada yake, Oleta, mwenye umri wa zaidi ya miaka tisini, alikuwa aletwe kutoka nyumba ya wazee. Waliowahi kuliona boksi lile mikononi mwa baba yao walikuwa wamebaki wao wawili tu.

"Limepatikana, Mwalimu," alisema. "Nimeshampigia Oleta. Amelia kwenye simu."

Wanda alilinusa. Akalikwaruza. Akaingia chini ya kitambaa chake na kukaa humo muda mrefu kuliko kawaida, na alipotoka hakuliweka mezani. Alibaki amelishika. Nimekaa kando ya mwanamke huyu miaka na miaka, na sijawahi kumwona akishindwa kuweka boksi chini. Moyo uliniuma kwa ajili yake, maana Verlin ndiye aliyebeba jeneza la Merle upande wa mbele.

Kisha akaliweka. Lebo chini.

"Ligeuze, Mwalimu," alisema Verlin.

"Ningeweza ningeligeuza."

"Namba ni yenyewe. Ni namba ya baba. Yule bwana angeijulia wapi?"

Wanda alinyoosha tu kidole kuelekea kifuani pa Verlin. Verlin aliinamisha kichwa akajitazama, akaisoma ile namba nyekundu kana kwamba ameivaa mtu mwingine.

"Umetembea umewavalia jibu miaka yote hii, mzee wangu," Wanda alisema polepole.

Nilimpa Verlin kipande cha nyama kavu, kwa kuwa sikujua la kufanya, naye akakishika bila kukila. Siku hiyo Wanda aliivunja desturi yake na kumweleza kila kitu. Boksi lenyewe lilikuwa la zamani, halina ubaya. Lebo ndiyo iliyozaliwa juzi. Kona za boksi zilikuwa zimelika hadi kuwa mviringo, lakini kona za lebo bado zilikuwa kali. Chini ya mwanga wa zambarau karatasi ile iliwaka nyeupe, na karatasi za enzi ya baba yake haziwaki hivyo. Kisha rangi ile ya uzee ilikuwa ya chai.

"Tena ameipaka chai ya sukari," alisema Wanda akinuna. "Inanata. Huyo aliyeighushi ni mtu wa hukuhuku kwetu, tusiokunywa chai bila sukari. Mtu wa kaskazini angetumia chai isiyo na sukari."

Verlin alicheka kidogo, na nikajua hatatufia mikononi.

Tulipokwenda safu ya nyuma tulikuta habari zimeshatutangulia. Hapa ukumbini mtu akifunga meza jioni huitandika shuka, na meza zote za jirani na yule mgeni zilikuwa zimetandikwa shuka saa sita mchana, wenyewe wamesimama kando wakinywa kahawa na kutazama dari. Hakuna aliyesema neno baya. Mgeni alirudisha pesa kabla hajaombwa, akadai naye aliuziwa vilevile, akaanza kupakia vitu vyake. Boksi hakurudishiwa. Wanda alisema halirudi sokoni, na mgeni hakubisha.

Boksi la namna hiyo Wanda huichana lebo yake kwa ufunguo wa nyumba. Alikuwa ameshaushika ufunguo Verlin alipomzuia.

"Niachie kama lilivyo."

"Unataka kuliweka kwenye onyesho?"

"Ndiyo."

"Na Oleta utamwambia nini?"

Verlin alilichukua boksi akaenda zake. Wanda alikasirika, na akikasirika hupiga piano mezani kwa vidole bila kujua. Mimi nilimtetea Verlin. Nilisema bibi wa miaka tisini akifurahi kwa boksi la uongo, nani ataumia? Aliniambia niuze nyama yangu. Jioni tuliagana kama watu waliogombana, na kwa kweli tulikuwa tumegombana.

Jumapili baada ya ibada ukumbi ulijaa. Oleta aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, amejipaka rangi ya mdomo, na alisukumwa moja kwa moja hadi kwenye meza ya kaka yake. Wanda hakubanduka pale petu. Aliketi akiwa amewapa kisogo, vidole vinapiga.

Ilibidi mimi ndiye niende kutazama. Bastola ya baba yao ililala juu ya kitambaa cha kijani, na boksi pembeni yake. Nyuma, mahali ambapo wengine hutundika bendera, Verlin alikuwa amelitundika shati lake. Mbele aliweka kadi aliyoiandika kwa mkono. Oleta hasikii vizuri, kwa hiyo akisoma husoma kwa sauti ya kuita ng'ombe, na ukumbi mzima ulimsikia:

"Bastola: ya baba yetu. Boksi: la zamani, la mtu mwingine. Lebo: ya uongo, imepakwa chai ya sukari. Aliyemtangazia mwizi namba: mimi."

Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka muuguzi akamletea maji. Aliposhusha pumzi alimshika Verlin mkono na kumwambia kwamba boksi la kweli lilikuwa baya zaidi, mama yao alitunzia humo mbegu za bamia na panya wakalila upande mmoja, na kwamba baba yao angempenda kwa kadi hii kuliko kwa boksi lolote. Verlin alikuwa analia waziwazi, na hakujificha.

Nilipogeuka, Wanda alikuwa nyuma yangu amevaa miwani. Alisoma kadi yote. Akalichukua boksi, akalinusa kwa mazoea, na watu wakasogea karibu, maana kila mtu pale anajua maana ya mkono wake unaposhuka.

Aliliweka mezani. Lebo juu.

Mtu mmoja nyuma alimwambia, kwa adabu, kwamba Mwalimu amekosea.

"Sijakosea," alisema Wanda. "Hili halimdanganyi mtu yeyote."

Verlin akamvutia kiti karibu na Oleta, naye akaketi.