Nani Anafungua Koki ya Générose?

Générose hufua mashuka ya gesti mbili za Bangwe. Mikono ilikuwa imeshachoka kwa kukamua, ndipo akanunua mashine ya kufulia, ya mtumba lakini ngangari. Aliiweka kwenye chumba cha kufulia alichopangishwa na Mzee Alphonce pale Rusimbi, ukuta mmoja na stoo ya mzee ya dagaa wakavu.

Balaa likaanzia hapo. Siku moja yeye yuko sokoni, mpira unaoingiza maji kwenye mashine ukapasuka. Maji yakapenya chini ya mlango, yakaenda kuwasalimia dagaa. Magunia mawili yakalowa chapachapa.

"Dagaa wangu walishatoka ziwani," mzee akafoka. "Wakiguswa na maji tena, hata tone, mashine hiyo inatoka!"

Générose akanunua mpira mpya, mnene. Akabadilisha na ile raba ndogo ya kwenye maungio, akaisogeza mashine mbali na ukuta ili mpira usijikunje. Na kama alivyozoea tangu mwanzo, kila akimaliza kufua anafunga koki. Mtaani kwao maji yakikatika hurudi kwa kishindo, yakisukuma upepo mbele, na koki ikiwa wazi kipigo chote kinaishia kwenye mpira.

Ajabu sasa: kila asubuhi anaikuta koki wazi! Akafunga uzi mweusi kwenye mkono wa koki. Kesho yake, uzi umekatika.

"Hapa kuna mtu," akamwambia Recho, mpangaji mwenzake. Akaaga kwamba anakwenda Katonga, akafika kona tu, akarudi kwa kunyata.

Lo! Mzee Alphonce, mwenye ufunguo wa pili, amechuchumaa nyuma ya mashine, kaushika mpira kwa vidole viwili kama nesi anayetafuta mapigo ya mgonjwa.

"Shikamoo, mzee."

Mzee nusura agonge kichwa ukutani. "Mara... marahaba. Nakagua kama umekaza vizuri."

"Kwa kukata uzi wangu?"

Mzee akajikuna kidevu. "Sikia, mwanangu. Bomba la uani linachelewa. Lakini maji yakirudi tu, mpira huu unashtuka. Mimi huyo kwenye mapipa yangu, najaza kabla mtaa haujajua."

"Na koki je?"

"Koki... nikishaifungua, huwa nasahau kuifunga. Hata siku ile."

"Ego, ndiyo hivyo! Kumbe aliyewalowesha dagaa ni—"

"Usimalize," mzee akasema. "Nimeelewa."

Mara mpira ukaruka mkononi mwake. "Maji!" Akachomoka mbio.

"Funga kwanza, mzee!"

Akageuka mlangoni, akarudi, akaifunga koki kwa mikono miwili, akaijaribu tena na tena mpaka ikagoma kabisa.

"Mashine ibaki," akasema akihema. "Ila habari hii isifike Katonga kwa wauza dagaa wenzangu."

"Mbona imeshafika!" Recho akajibu kutoka uani, simu sikioni.

Générose akaanza kuyasindilia mashuka ndani ya mashine, huku kicheko kikimtikisa hadi nusu ya sabuni ikamwagikia miguuni.